Mdeni wangu anasema amefilisika. Nitajuaje kama ni kweli?

Mzee wetu, salaam.

Mimi ni mama wa watoto wanne, nina stoo ya jumla hapa Arua, si mbali na soko kuu. Nauza mafuta ya kupikia, sukari, chumvi, sabuni na unga. Wateja wangu ni wenye maduka wa mjini na wa njia ya Koboko, na wengine wanavusha mzigo mpaka Ariwara, upande wa Kongo. Unajua biashara yetu ilivyo: bila kukopesha huuzi. Mtu anachukua leo, anauza, anarudi na pesa wiki ijayo, anachukua tena.

Kuna mzee mmoja, tunamwita Hajji, ambaye tumefanya naye kazi miaka mingi. Ana maduka mawili. Hajawahi kunisumbua, na mume wangu alipofiwa na mama yake, Hajji ndiye aliyetoa gari la kubeba maiti. Tangu mwaka jana malipo yakaanza kusuasua. Leo ananilipa nusu, wiki ijayo ananiambia Juba hawajalipa, mara mtoto ni mgonjwa. Nami nikaendelea kumpa mzigo, kwa heshima. Sasa deni limefika shilingi 18,400,000. Yote yamo kwenye daftari langu, tarehe kwa tarehe, na sahihi yake au ya kijana wake wa dukani. Mstari wa mwisho unasema: jerikani 40 za mafuta, mifuko 15 ya sukari, "nitalipa mwisho wa mwezi", akatia sahihi.

Mwezi uliopita maduka yote mawili yalifungwa. Nilipokwenda nyumbani kwake, mpwa wake akanipokea mlangoni, akaniambia Hajji amefilisika, amejaza fomu Kampala, na kwa hiyo madeni yote yamekufa kisheria. Hajji mwenyewe hakutoka. Jirani wa duka anasema mtu mmoja anayekopesha pesa kwa riba alikuja na lori usiku akabeba bidhaa, akidai ziliwekwa rehani kwake. Ndani yake nina hakika kulikuwa na mafuta yangu.

Wenzangu wamegawanyika. Mmoja anataka twende na vijana tukachukue friji, pikipiki na chochote kilichobaki. Askari mmoja ameniambia nikimpa pesa ya mafuta ya gari atamkamata, na akilala ndani siku mbili atalipa. Mume wangu anasema tumwachie Mungu kwa sababu ya yale ya msiba. Lakini mimi nina mkopo wa SACCO, na hati ya kiwanja chetu iko kwao.

Nataka kujua: kuna mahali mtu wa kawaida kama mimi anaweza kuangalia kama kweli Hajji ametangazwa mufilisi? Wataniruhusu? Na kama ni kweli, ndiyo nimepoteza?

Mwenye stoo, Arua

*

Mama, pole sana kwa mzigo huu. Nianze na lile linalokunyima usingizi: deni lako halijafa. Maneno ya mpwa wake hayaui deni. Hata mahakama ikimtangaza Hajji mufilisi kesho asubuhi, kitakachobadilika ni njia ya kulidai.

Kufilisika kisheria hapa Uganda ni amri ya mahakama. Kunaongozwa na Sheria ya Ufilisi ya 2011, iliyoanza kutumika Julai 2013 na kurekebishwa 2022. Mtu hawi mufilisi kwa kufunga duka, wala kwa kutangaza barazani, wala kwa kujaza fomu peke yake. Fomu ni ombi tu. Anayeamua ni hakimu au jaji. Na kila hatua ya njia hiyo inaacha karatasi katika ofisi inayojulikana. Kazi yako ya kwanza ni kuitafuta hiyo karatasi, na unaruhusiwa. Sheria imeweka mambo haya hadharani kwa ajili ya watu kama wewe, ili mdeni asijifiche na mdai asidanganywe.

Lakini kabla hujaenda kokote, hakikisha unajua unayemtafuta ni nani. Toa invoisi zako na uangalie muhuri wa duka la Hajji. Je, jina linaishia na "Enterprises", "Traders" au kitu cha namna hiyo, au linaishia na "Limited"? Hapo pana tofauti kubwa. Kama ni jina la biashara tu, basi biashara na Hajji ni mtu mmoja. Deni ni lake yeye, na anayeweza kutangazwa mufilisi ni yeye. Kama ni kampuni, basi mdeni wako ni kampuni, na kampuni haitangazwi mufilisi kama mtu. Kampuni hufungwa na mali yake kugawanywa, au huwekwa chini ya msimamizi kama ilivyofanyiwa Uganda Telecom mwaka 2017. Ukitafuta jina la Hajji kwenye orodha ya watu wakati kampuni ndiyo iliyokwenda mahakamani, utarudi mikono mitupu na utadhani umedanganywa. Na kama ni kampuni, usitegemee nyumba ya Hajji ilipe, isipokuwa aliweka sahihi kukudhamini yeye binafsi.

Jambo hili linajulikana haraka. Shirika la Usajili la Uganda, ambalo wote tunaliita URSB, ndilo linalosajili kampuni na majina ya biashara. Makao yake yako Kampala, Kololo, lakini lina ofisi hapo Arua pia. Unaomba kufanyiwa upekuzi wa jina la duka, unapewa namba ya malipo, unalipa benki, unapata jibu kwa maandishi. Jibu hilo litakupa na kitu kingine utakachokihitaji sana: majina kamili ya Hajji kama alivyojisajili.

Majina ndiyo yanayowapoteza wengi, Mama. Huku kwetu mtu mmoja anaitwa Ismail kwenye kitambulisho, Ismael kwenye hati ya shamba, Sumaili sokoni, na kwenye daftari lako ni "Hajji" basi. Karani wa mahakama akitafuta jina moja na asilione, atakwambia hakuna. Nenda na majina yote, na tahajia zote, yameandikwa kwenye karatasi, ukaombe yatafutwe moja moja.

Sasa mahakamani. Ufilisi wa mtu binafsi husikilizwa na Mahakama ya Hakimu Mkuu pale ambapo kinachohusika hakizidi shilingi milioni 50, na Mahakama Kuu pale kinapozidi. Deni lako ni milioni 18 na kidogo, lakini usidanganyike na namba yako. Hajji hadaiwi na wewe peke yako. Ukijumlisha madeni yake yote huenda yamevuka milioni 50 zamani. Kwa hiyo uliza kwenye masjala zote mbili hapo Arua, ya Hakimu Mkuu na ya Mahakama Kuu. Na kwa kuwa mpwa ametaja Kampala, uliza na Kampala. Kama una mtu wa kumtuma, mtume. Mahakama zilizounganishwa na mfumo wa elektroniki wa kesi, ECCMIS, ulioanza 2022, zinaweza kutafuta jalada kwa jina kwenye kompyuta.

Majalada ya mahakama zetu yameandikwa kwa Kiingereza, basi mwambie karani unatafuta Bankruptcy Petition, na kama duka ni la kampuni, Insolvency Petition au Liquidation. Ukipewa namba ya ombi na mwaka wake, iandike. Hiyo namba ndiyo ufunguo wa kila ofisi nyingine. Halafu andika barua fupi kwa msajili wa mahakama: wewe ni mdai, namba ya jalada ni hii, unaomba kulikagua na kupata nakala. Kuna ada ndogo ya kukagua na ya kila ukurasa wa nakala. Dai risiti. Atakayekutaka ulipe bila risiti ili "akusaidie kutafuta", mwache na umwendee msajili mwenyewe.

Mahali pa pili ni ofisi ya Mpokezi Rasmi. Huyu ni ofisa wa serikali aliye ndani ya URSB, na kazi yake ni kusimamia mambo ya ufilisi nchi nzima: anapokea mali ya mufilisi kwa muda, anachunguza mwenendo wake, na anawasimamia wataalamu wenye leseni ya kazi hiyo. Amri ya kufilisika ikitoka, yeye hawezi kuwa hajui. Ukimuuliza kwa barua yenye majina kamili ya Hajji na jina la duka, jibu lake lina uzito kuliko uvumi wote wa soko. Barua hiyo unaweza kuipeleka ofisi ya URSB ya Arua ili iwafikie Kampala.

Halafu kuna matangazo. Sheria inataka umma utangaziwe, na kutangaza maana yake ni kuchapisha kwenye Gazeti la Serikali na kwenye gazeti linalosomwa na watu wengi. Gazeti la Serikali hutoka kila wiki. Kwa magazeti ya kawaida, fungua New Vision na Daily Monitor kurasa za nyuma, zile za matangazo madogo ambazo watu huzipita: hati za ardhi zilizopotea, waliobadilisha majina, minada ya madalali wa mahakama. Tangazo la ufilisi hukaa hapo hapo. Maktaba na ofisi za wilaya huwa na magazeti ya nyuma. Rudi nyuma mpaka mwezi malipo yalipoanza kusuasua, usianzie siku duka lilipofungwa.

Mwanao mwenye simu nzuri anaweza pia kuingia ulii.org, ambako hukumu za mahakama za Uganda zinasomwa bure. Hapo ataona maamuzi yaliyokwisha kutolewa na kuchapishwa. Ombi lililowasilishwa wiki iliyopita hataliona, kwa hiyo akikosa jina la Hajji hapo, hilo halithibitishi chochote.

Sasa tuseme umelipata jalada. Soma kwanza nani aliyepeleka ombi. Mdeni anaweza kujipeleka mwenyewe na kusema nimeshindwa, au mdai anaweza kumpeleka. Kama ni Hajji mwenyewe, basi mle ndani au nyuma yake kidogo kutakuwa na karatasi ambayo kwako wewe ni muhimu kuliko zote: tamko lake la mali na madeni. Hapo ameorodhesha alicho nacho, anaodaiwa nao na kiasi cha kila mmoja, kwa kiapo. Kaa chini uisome taratibu. Jina lako limo? Kiasi ni kile kile cha daftari lako? Je, lile duka la pili limetajwa? Pikipiki? Kiwanja cha Koboko ambacho kila mtu anajua ni chake? Mtu akificha mali kwenye tamko hilo anavunja sheria, na wewe unayemfahamu kwa miaka mingi unaweza kuona pengo ambalo wakili wa Kampala hatalijua kamwe.

Kama ni ombi tu na amri haijatoka, una nafasi ya kufika mahakamani kusikilizwa. Kama amri imeshatoka, mambo yanakwenda hivi: mali yake inatoka mikononi mwake na kuingia kwa Mpokezi Rasmi, kisha kwa msimamizi wa mali, ambaye ni lazima awe mtaalamu mwenye leseni, kwa kawaida wakili au mhasibu. Kuanzia hapo huruhusiwi kumshtaki Hajji wala kukamata mali yake bila kibali cha mahakama. Wengi wakifika hapa hukata tamaa, na hapo ndipo wanapopoteza haki yao. Kinachotakiwa ni uwasilishe dai lako kwa msimamizi, kwa fomu yake, na nakala za daftari na invoisi. Unaitwa kwenye mkutano wa wadai, una kura. Na kuna kikao cha hadhara mahakamani ambapo mufilisi anahojiwa kwa kiapo juu ya mali yake na biashara zake. Nenda, na umuulize kuhusu lile lori la usiku.

Ugawaji wenyewe unafuata zamu, kama chungu kimoja kinachopakuliwa wageni wakiwa wengi. Mwenye rehani halali anaangalia rehani yake kwanza. Kisha gharama za kuusimamia ufilisi, mishahara ya wafanyakazi kwa kiasi kilichowekwa na sheria, na baadhi ya madeni ya serikali. Ninyi mliouza kwa mkopo bila rehani mnakuja baadaye, mnagawana kilichobaki kulingana na ukubwa wa madai yenu. Sitakudanganya: mara nyingi kinachobaki ni kidogo. Lakini asiyewasilisha dai hapati hata hicho.

Baadhi ya vitu havimo kabisa kwenye chungu. Vifaa vya kazi anavyovihitaji kujipatia riziki, nguo, matandiko na mahitaji ya msingi ya nyumba anabaki navyo, pamoja na mali ya mtu mwingine aliyoishika kwa amana. Nyumba anayoishi na mkewe ina utaratibu wake maalumu katika sheria, na hali hubadilika ikiwa aliiweka rehani benki. Mwenzenu anayetaka mkabebe friji ajue kwamba huenda anabeba kitu ambacho hata mahakama isingekigusa.

Na hilo la kubeba vitu, Mama, nakuomba kwa dhati usilifanye. Hata mafuta yako yaliyobaki dukani si yako tena. Uliyauza, na kilichobaki kwako ni bei yake, labda kama mlikubaliana kwa maandishi kwamba yatabaki mali yako mpaka alipe. Ukiingia na vijana, kesho wewe ndiye utakayekuwa kituoni ukijibu wizi au uvunjaji, na Hajji atakuwa mlalamikaji. Huyo askari naye mwache. Deni la biashara si kosa la jinai. Ingekuwa alikupa cheki ikarudi benki, au alitumia hati za uongo kuchukua mzigo, hapo pangekuwa na la polisi. Lakini mzigo aliupokea kwa sahihi yake mchana kweupe. Ni kweli kwamba sheria yetu bado inaruhusu mdeni kufungwa gereza la madai, muda usiozidi miezi 6, ila hilo linakuja baada ya hukumu na kwa amri ya mahakama, na anayegharamia chakula chake gerezani ni wewe unayemdai. Mtu aliye ndani hauzi wala halipi.

Huyo mkopeshaji mwenye lori ni habari nyingine, na hapa nataka uwe mkali. Tangu Sheria ya Rehani ya Mali Inayohamishika ya 2019, bidhaa za duka, pikipiki, mashine, hata ng'ombe, vinaweza kuwekwa rehani, na kuna daftari la kielektroniki la URSB, linaitwa SIMPO, ambako rehani hizo zinasajiliwa. Yeyote anaweza kulipekua kwa jina la mdeni. Lipekue. Kama rehani yake imesajiliwa kabla, ana nguvu na hutamweza kwa maneno. Kama haimo, kariri siku aliyobeba na umweleze msimamizi wa mali, kwa sababu sheria inampa msimamizi uwezo wa kuomba mahakama itengue malipo na mikataba iliyofanywa karibuni kabla ya kufilisika ili kumpendelea mdai mmoja. Hivyo hivyo kama Hajji alimwandikia mpwa wake kiwanja kwa bei ya kutupa. Angalia pia kama huyo mkopeshaji ana leseni ya UMRA, mamlaka inayosimamia wakopeshaji wadogo. Mwishoni mwa 2024 serikali ilitangaza kwamba riba yao isizidi asilimia 2.8 kwa mwezi. Nimesikia za juu zaidi ya hapo mara nyingi mno, na zinawaangusha wafanyabiashara wazima. Sitashangaa kama ndizo zilizomwangusha Hajji.

Lakini nadhani, kwa jinsi ulivyoeleza, utakachokuta ni kitu kingine: hakuna jalada, hakuna amri, hakuna tangazo. Duka limefungwa, mzee ameona aibu, na mpwa ametunga la kusema mlangoni. Hapo uko huru kudai kama kawaida, na una vitu viwili vizuri mkononi, daftari lenye sahihi na muda. Deni la mkataba hapa Uganda lina miaka 6 ya kushtakiwa, na kila anapokiri deni kwa maandishi hesabu inaanza upya. Kwa hiyo kitu cha kwanza kumwomba Hajji, hata kabla ya pesa, ni barua ya mistari mitatu: nadaiwa shilingi 18,400,000 na fulani, kwa bidhaa nilizopokea tarehe kadhaa mpaka kadhaa, nitalipa namna hii. Atie sahihi, na mwenyekiti wa LC, yaani baraza la mtaa, ashuhudie.

Akikataa, nenda kwa wakili. Deni lako limezidi milioni 10, kwa hiyo ule utaratibu rahisi wa madai madogo haukufai, lakini kwa kuwa kiasi kinajulikana na kimekiriwa, wakili anaweza kufungua kesi ya haraka ambayo mdeni hawezi kujitetea mpaka kwanza aiombe mahakama ruhusa. Wakili pia anaweza kumtumia Hajji hati ya madai chini ya Sheria ya Ufilisi. Hiyo inampa siku 20 za kazi kulipa au kuafikiana nawe. Zikipita kimya, sheria inamchukulia kuwa ameshindwa kulipa madeni yake, na hapo unaweza kuomba atangazwe mufilisi.

Ningekuwa mimi, ombi hilo nisingelipeleka upesi. Utatoa wewe gharama za mwanzo, kisha mkopeshaji na wafanyakazi wakutangulie kwenye mali ambayo hujui hata kama ipo. Kwanza jua kama kuna cha kugawana. Ofisi ya ardhi hapo Arua itakupekulia hati kwa ada ya shilingi 10,000 ukiwa na namba ya kitalu na kiwanja. Ila ardhi nyingi ya West Nile, eneo lenu hilo la Arua, ni ya kimila na haina hati, kwa hiyo upekuzi wa pili ni wa miguu: kwa LC, kwa wazee wa ukoo, kwa majirani wa shamba.

Mume wako hakukosea kuyakumbuka ya msiba, na wema ule haufutiki kwa kudai chako kwa adabu. Mwende wote wawili, bila wale wadai wengine, na mzungumze na Hajji mwenyewe badala ya mpwa. Mwambie jambo ambalo huenda hakuna aliyemwambia: sheria hiyo hiyo inamruhusu mdeni aliyezidiwa kuomba mahakama impe kinga ya muda mfupi, wadai wamwachie pumzi, huku mtaalamu akiandaa mpango wa kulipa kidogo kidogo ambao wadai wanaupigia kura. Ukipita, unawafunga wote, hata yule mwenye lori kama hana rehani halali. Hajji hatabeba jina la mufilisi, ambalo pamoja na mengine lingemzuia kugombea ubunge mpaka atakapoondolewa na mahakama, na ninyi mtapata zaidi kuliko mnada wa rafu na mizani za duka. Mtu aliyelipa vizuri miaka yote hiyo anastahili kuulizwa kwanza.

Na SACCO usiwasubiri wakutafute. Nenda wiki hii, kabla hujakosa rejesho hata moja, na daftari lako na nakala ya barua uliyompelekea Mpokezi Rasmi. Waombe wakupangie upya marejesho, na wakikubali wakupe kwa maandishi, yenye muhuri na tarehe. Kisha, mpaka jambo la Hajji lieleweke, punguza mzigo unaotoka stoo bila pesa: kwa wateja waliobaki, anayetaka jerikani 40 alipie 20 kwanza.